Majina Aliyoyatunga Baba Yako

Zena mwanangu,

Barua hii isome mara tu basi litakapotoka Msamvu. Usiitie kwenye begi ukasema utaisoma ukishafika Dar. Nakujua. Kutoka stendi hadi Mikese ni nusu saa tu, na dereva akiwa na haraka haifiki. Ukifika Mikese utakuwa na jambo la kuamua, nami nataka uliamue ukiwa unajua ninayoyajua mimi.

Ya chandarua, ya kuchemsha maji, ya kumwamkia shangazi yako kila asubuhi hata kama amekuudhi, tumeshayasema mpaka umenuna. Siyarudii. Sasa hivi jua halijazama. Wewe umeenda kuaga kwa kina Rehema, mdogo wako Hamisi yuko uani anapiga mpira ukutani ingawa nimemkataza, nami nimekaa kwenye meza ya kulia chakula na kalamu mkononi. Nimeshachana karatasi mbili.

Wiki iliyopita nilikuuliza kama utapanda Mgeta kumuaga baba yako kabla hujaondoka. Ukasema, "Mama, mtu aliyetuacha haagwi. Kwani yeye alituaga?" Ukaendelea kukunja nguo zako. Jumapili nikakwambia naenda arusini Mzumbe, nikavaa na kitenge kipya ili usinishuku. Sikwenda arusini. Nilipitiliza, nikapanda Mgeta kwa baba yako. Kesho asubuhi atakuwa Mikese, kando ya barabara, akisubiri basi lako. Konda ameshaambiwa. Ukitaka kushuka atasimamisha dakika tano, usipotaka basi litapita. Hilo ndilo la kuamua.

Unachojua wewe ni kwamba baba yako alimtukana mkuu wa kituo, akafukuzwa kazi, akaikasirikia dunia nzima, akatuacha akaenda kulima kabichi. Mtaa mzima unajua hivyo. Aliyeacha ijulikane hivyo ni mimi. Haikuwa hivyo, Zena.

Kile kituo cha mbegu huenda unakumbuka geti lake la kijani tu na yule mlinzi aliyekuwa akikupa ubuyu. Ulikuwa na miaka kumi. Mimi na baba yako tulifanya kazi pale pamoja, yeye kwenye chumba cha kuotesha mbegu, mimi ofisini. Niliingia kama mpiga chapa. Ulipokuja mradi na kompyuta tatu, mtaalamu wao alinichagua mimi kwa sababu nilipiga chapa bila kutazama vidole. Akanifundisha kuandika programu kwa miezi minne, kisha mkataba wake ukaisha, akaondoka, akaniachia kitabu kinene na funguo za chumba.

Lugha niliyofundishwa utaikuta huko chuoni kwako, na kama si yenyewe utawakuta ndugu zake. Ina vyombo vyake vya ndani ambavyo wewe huviundi, unavikuta tayari. Kimoja kinashika kitu unachokishughulikia sasa hivi. Kingine kinajua umefika mstari wa ngapi. Kingine kinakwambia kosa la mwisho lilikuwa nini, na kingine kinajua rekodi moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Sasa vyombo vyote hivyo havikupewa majina, vilipewa alama. Dola na mstari wa chini. Dola na nukta. Dola na alama ya mshangao. Dola na mshazari, ule mstari ulioinama. Viko vingi, nami nilivikariri vyote katika daftari, nikawa navijua kuliko siku za kuzaliwa za ndugu zangu.

Utamu wa kujua kitu ambacho wenzako hawakijui unalevya, mwanangu, na mimi nililewa. Kuna siku alikuja mhadhiri mmoja kutoka Mazimbu, mtu na shahada zake, akainama nyuma ya kiti changu akaangalia kioo muda mrefu, halafu akasema, "Dada, hapa umeandika, au umebonyeza kwa bahati mbaya?" Nilitembea na maneno hayo mwezi mzima. Mimi, niliyeishia kidato cha nne, nimeandika kitu ambacho mhadhiri hawezi kukisoma. Niliyasimulia nyumbani mpaka baba yako akawa anayamalizia yeye.

Kisha nikajifungua Hamisi. Likizo ya uzazi ilikuwa miezi mitatu, na mkuu akataka mtu wa kukaa mezani kwangu. Wakampa baba yako, kwa kuwa alikuwa mvumilivu na alishazoea kuingiza takwimu zake za mbegu. Siku ya kwanza alirudi nyumbani na karatasi zilizochapwa, akazitandaza kwenye mkeka, akavua miwani.

"Mama Zena," akasema, "hii si lugha. Huyu ni kuku kapita kwenye wino."

Nikacheka mpaka mshono ukaniuma. Nikamwambia aulize asichokijua. Akauliza kimoja kimoja, nami nikamjibu huku namnyonyesha mtoto. Hii dola na mstari wa chini ni nini? Ni kile kitu ulichonacho mkononi kwa wakati huo. Hii dola na nukta? Namba ya mstari uliofikia. Baada ya siku tatu akachoka kuuliza, na mimi nikachoka kujibu. Akaniuliza kwa nini vitu vizuri namna hii visiitwe kwa majina. Nikamwambia majina yapo, kitabu kinasema ukiweka mstari mmoja juu ya programu unaweza kuyatumia. Akayatafuta akayaona, akatikisa kichwa. Yalikuwa ya Kiingereza, marefu, yenyewe yakihitaji kamusi. Akasema atatunga yake.

"Kompyuta haijui Kiswahili," nikamwambia.

"Kwani dola na nukta ni lugha ya nani?" akajibu.

Na kweli kompyuta ilikubali. Alitengeneza faili dogo, jina kwa kila alama, na kila programu ikawa inalisoma faili hilo kwanza. Sehemu inayofuata huenda umeisahau, na ndiyo iliyonifanya nichane karatasi ya kwanza, maana nilishindwa kuiandika bila kulia. Majina yale uliyapitisha wewe. Jioni baada ya kula alikuwa anakukalisha pale mlangoni, anakusomea jina alilolitunga, na wewe unatakiwa useme hicho kitu kinafanya kazi gani. Hukujua kompyuta wala nini. Kama umeeleza sawasawa, jina linakaa. Ukikosea, analikata anatunga jingine.

"Kilichopo mkononi."

"Ni kitu nilichoshika sasa hivi."

"Limepita. Kikomo cha rekodi."

"Rekodi ni ile ya santuri?"

"Hapana. Ni habari za mtu mmoja, zote pamoja."

"Basi ni pale habari za mtu mmoja zinapoishia."

Baba yako akanitazama kama mtu aliyeokota pesa njiani. Akasema, "Umeona? Mtoto wa darasa la nne anasoma programu yako." Mimi nilitabasamu, lakini moyoni nilichomwa. Nitakwambia ukweli, nilimwonea wivu mume wangu. Nilichokipata kwa miezi minne ya kuumwa kichwa, yeye alikuwa anakigawa mlangoni kama karanga.

Nimeweka ndani ya bahasha hii karatasi yake ya majina, ile yenye tiki za penseli kwa kila jina ulilolipitisha. Ilibaki ndani ya daftari langu. Ni yako kuliko yangu.

Nilirudi kazini mwaka ambao viwanda vya mjini vilikuwa vinafungwa kimoja baada ya kingine, na serikali inapunguza watu. Kila ofisi ilikuwa na minong'ono. Watu waliamkiana asubuhi kisha wanaulizana, "Orodha imekuja?" Mkuu wa kituo akatuita wote chini ya banda la mashine akasema maneno ambayo sikuyasahau: atakayebaki ni yule ambaye kazi yake haiwezi kufanywa na mwingine. Nilirudi chumbani kwangu nikafungua programu zangu. Zilikuwa zimejaa majina ya baba yako. Yeyote anayejua kusoma gazeti angeweza kuzifuata.

Nilizifuta, Zena. Ijumaa mchana, wenzangu wamekwenda msikitini, nimejifungia, nikaondoa jina moja moja nikarudisha alama. Nililifuta na faili lake. Baba yako alipouliza, nikamwambia kompyuta ilikuwa inachelewa kwa sababu ya majina marefu. Uongo mtupu. Akasema, "Sawa, wewe ndiye fundi." Hakuliongelea tena, na mimi nikajiona nimeshinda.

Sasa kuna alama mbili pale zinazofanana. Zote ni dola na mshazari, ila mmoja umeinamia kulia na mwingine umeinamia kushoto. Mmoja unahusu kusoma, unasema rekodi inaishia wapi. Mwingine unahusu kuandika. Siku ile, katika programu ya kumbukumbu za wafanyakazi, pale baba yako alipokuwa ameandika "kikomo cha rekodi", niliweka mshazari usiokuwa wake. Haraka na hofu. Programu haikulalamika, ilikubali ikanyamaza.

Wizara ikaomba orodha ya wafanyakazi na miaka yao ya utumishi, wenye utumishi mfupi watangulie kutoka. Wengi wetu tulikuwa na mstari mmoja tu kwenye faili: jina, idara, siku ya kuanza. Lakini waliohamishiwa kwetu kutoka vituo vingine walikuwa na mistari miwili au mitatu, wa kituo chetu ukitangulia, na ya kule walikotoka ikifuata. Kwa ule mshazari wangu, programu ilisoma mstari wa kwanza wa kila mtu ikaruka iliyobaki. Baba yako alikuwa amefanya kazi Kilosa miaka kumi na mmoja kabla ya kuja Morogoro. Yote ikadondoka. Kompyuta ikamwandika ana miaka mitatu.

Orodha ilihakikiwa, usidhani haikuhakikiwa. Ofisa utumishi aliletwa chumbani kwangu aipitie programu. Akaangalia zile alama akajikuna kidevu. "Mama Zena, hapa mimi nahakiki nini?" Nikamwambia aweke saini tu. Akaweka. Mtu mmoja tu pale kituoni angeweza kuisoma programu ile akaona kosa, na huyo ndiye aliyekuwa anaandikiwa barua ya kuondoka.

Barua ilipokuja alikwenda kwa mkuu na mdomo wake, maana hakuwa na karatasi. Mkuu akamwambia kompyuta imeshasema. Akaenda Kilosa kutafuta faili lake la zamani, akakuta mchwa wamelimaliza. Akarudi nyumbani jioni na vumbi hadi kwenye nyusi, akakaa kwenye kile kiti chako cha kusomea.

"Mama Zena, wewe unaijua. Kompyuta inaweza kukosea?"

Nikamwambia haikosei. Wakati ule niliamini hivyo, au niliamini kwamba mimi sikosei, kwangu vilikuwa kitu kimoja. Hata hivyo, Zena, mtu aliyekuwa ananiuliza ni mume wangu. Nilimjua alikuwa Kilosa miaka yote ile, barua za uchumba aliniandikia kutoka hukohuko. Ningeweza kusema, "Ngoja nikaangalie." Maneno mawili. Sikuyasema, kwa sababu kwenda kuangalia ni kukubali kwamba huenda nimekosea.

Wiki tatu baadaye nilikuwa napanga likizo kwa programu ileile, ikaniambia yule mlinzi wa ubuyu, ambaye nywele zote zilishakuwa nyeupe, ana miaka sita tu ya utumishi, ilhali naye alihamia kwetu kutoka kituo kingine. Nikaona hilo haliwezekani. Nikafungua programu yangu nisome. Na hapo ndipo nilipopata aibu ambayo sikuwahi kumsimulia mtu: sikuielewa. Kazi ya mikono yangu mwenyewe. Ilibidi nitoe daftari, niwe natafuta alama moja moja kama mgeni anayetafuta nyumba kwa kuuliza. Asubuhi nzima. Saa saba mchana nikafika kwenye mshazari, nikajua.

Barua ya baba yako ilimpa siku thelathini za kukata rufaa. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Niliinuka nikaenda hadi mlango wa mkuu. Nilishika kitasa. Ndani alikuwa anaongea kwenye simu, anacheka. Nikajiambia akimaliza nitaingia. Akamaliza, sikuingia. Nilijiambia wakijua, tutatoka wote wawili, na Hamisi bado ananyonya. Nilijiambia orodha imeshakwenda Dar, hairudi. Kesho yake nikajiambia kesho. Ndivyo siku tisa zilivyokwisha, na kila siku kati ya hizo nilimpikia baba yako na kumuuliza habari za kutwa.

Siku ya mwisho ya rufaa alikwenda tena kwa mkuu. Hapo ndipo alipopandisha sauti. Alisema, "Hiyo kompyuta yako iite ije inikane usoni." Hilo ndilo tusi lote. Hakuna jingine. Watu wa nje walisikia makelele, hadi magharibi mtaani ikawa kwamba Salehe kamtukana mkuu ndiyo maana kafukuzwa. Ulipotoka shule ukilia kwa sababu watoto walikwambia baba yako mkorofi, nilikufuta machozi nikakwambia usiwasikilize. Sikukwambia kwamba si kweli. Iliniwia rahisi kuwa mke wa mkorofi kuliko kuwa mtu aliyemfukuzisha mume wake kazi.

Na hakutuacha, Zena. Hapa ndipo nakuomba usome taratibu. Aliomba kazi mjini mwaka mzima. Ndugu wa upande wa mama yake wakampa kipande cha shamba Mgeta, kama ilivyo desturi yao, akaanza kulima. Kila Ijumaa alishuka na lori la mboga akalala kwetu, akaleta karoti, akakagua madaftari yako. Mimi ndiye niliyekuwa siwezi kumtazama. Nikishamtazama naona mshazari. Kwa hiyo nikaanza kumgombeza. Viatu vina matope, amechelewa, amewahi, ananuka mbolea, anamdekeza Hamisi. Siku moja nilimwambia mbele yako kwamba nyumba hii inalishwa na mtu mmoja. Unakumbuka, maana uliangalia chini. Alimaliza chai yake, akasuuza kikombe, akaondoka. Ijumaa iliyofuata hakushuka. Nilimfanya mtu aone afadhali mlima kuliko nyumba yake, halafu nikawaacha watoto wake waseme amewaacha.

Kituo chenyewe unajua kilivyoishia. Miaka miwili baadaye kikauzwa, wamiliki wapya wakaja na kompyuta zao. Waliniita niwaeleze programu zangu, nikashindwa kueleza nusu yake, wakazifuta mbele ya macho yangu, na mimi nikatolewa na barua fupi. Nikafungua duka la kuchapa na kutoa kopi ambalo limekusomesha. Mikono yangu yote miwili niliitumia kushikilia kiti, na kiti hakikudumu.

Sasa nikwambie ya Jumapili. Lori liliniacha chini, nikapanda kwa miguu ile njia ya mteremko mkali, viatu vya arusi mkononi. Nilimkuta mferejini anaosha karoti na kuzifunga mafungu. Amekonda, lakini ana afya. Aliponiona akasimama haraka.

"Watoto wazima?"

"Wazima."

"Basi kaa, upumzike."

Sikukaa. Nilijua nikikaa nitazungumza habari za mvua. Nikamweleza nikiwa nimesimama, kila kitu, majina niliyoyafuta, mshazari, mlinzi, kitasa cha mlango. Aliendelea kushika karoti moja bila kuiosha.

"Ulijua lini?" akauliza.

"Wiki tatu baada ya barua."

"Rufaa ilikuwa bado?"

"Ilikuwa bado. Zilibaki siku tisa."

Akakaa kwenye jiwe. Nilitamani anitukane. Akaiweka ile karoti juu ya fungu, ikiwa bado na udongo. Halafu akasema, "Nilidhani nimerukwa na akili. Miaka yote nilikuwa najiuliza kama kweli nilifanya kazi Kilosa."

Hilo, mwanangu, ndilo lililonivunja. Nilidhani nilimnyang'anya kazi. Kumbe nilimnyang'anya na kumbukumbu yake. Nikalia pale mferejini, yeye hakunibembeleza, na sikustahili.

Nilipotulia akauliza, "Zena anajua?"

"Hajui."

"Mwambie yeye kwanza. Mimi nitakasirika baadaye, nina muda."

Alinisindikiza hadi barabarani kwenye lori. Njia nzima alisema maneno mawili tu, "Siku tisa," akarudia tena tulipokaribia chini, "Siku tisa, Mama Zena." Hakusema amenisamehe. Nilipokuwa nimeshapanda, akaniuliza unasafiri siku gani na kwa basi la saa ngapi. Akasema usiku wa kuamkia siku hiyo lori lao linashusha kabichi Dar, yeye atateremka Mikese akusubiri. "Akishuka, ashuke," akasema. "Asiposhuka, nitaliona basi likipita, inatosha."

Wapo wengine watatu walioondoka kwa mshazari uleule. Nitawatafuta mmoja mmoja, hiyo ni safari yangu.

Unakwenda kujifunza kazi niliyoifanya mimi, na unaifahamu kunizidi tayari, kwa hiyo sina cha kukufundisha katika vitufe. Watakuonyesha watu wanaoandika programu kama ninavyokwambia niliandika mimi, na watu watawasifu, na wewe utatamani. Kutamani si dhambi. Ila siku utakapojikuta unaficha njia ili usifuatwe, jiulize ni nani unamwogopa. Mimi sikujiuliza. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo, hata kama sauti inatetemeka. Siku ya kwanza mlango una kitasa cha kawaida tu. Siku ya tisa sikuweza hata kupita kwenye ukumbi ule.

Huenda ukifika hapa utanikasirikia mimi. Una haki. Kasirika, niandikie hata barua ya matusi, nitaisoma yote na nitaijibu. Usinyamaze tu. Kunyamaza nimenyamaza mimi vya kutosha kwa watu wawili. Nakupenda, Zena. Nilikupenda ulipokuwa unapitisha majina pale mlangoni na nilikupenda wiki iliyopita uliponijibu huku unakunja nguo, ingawa jibu lilinichoma. Nimeogopa kukupoteza kwa kukwambia haya kuliko nilivyowahi kuogopa kitu, na bado nakwambia.

Nasikia sauti yako nje unamfokea Hamisi habari za mpira. Nafunga bahasha.

Kama bado unasoma, mmeshapita Kingolwira. Atakuwa upande wa kushoto, kando ya wauza matunda, amevaa shati la mikono mirefu kwa sababu anaona haya mikono yake ilivyopasuka. Usimwombe radhi kwa niaba yangu, hilo ni langu. Usimweleze kitu. Mwamkie tu. Ni miaka saba hajaisikia shikamoo yako, na kwa jinsi nilivyomwona Jumapili, hadhani kama ataisikia tena.

Mama yako